Moto wa Oktoba na Mlio wa Mwanzi

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapokaribia kwisha, wanafunzi wetu wa ualimu hapa Mbeya hutoka nje usiku kuutazama mlima Loleza. Majani yamekauka tangu Juni, na moto uliowashwa na mtu asiyejulikana hupanda ubavuni mwa mlima kama mstari mwekundu ulioandikwa na mtoto anayejifunza kuandika. Safari moja kijana mmoja, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliita kwa furaha, "Tazameni fataki!" Wenziwe wakacheka, maana wao ni watu wa vijijini. Sisi hatukucheka. Tulikumbuka ya kuwa utotoni mwetu, katika vilima vya Kilolo upande wa Iringa, nasi tulikuwa na fataki zetu, wala hazikununuliwa dukani.

Nchi hizi za juu zina mioto ya namna mbili. Mvua hukoma karibu na Mei, kisha huja baridi ya Juni na Julai, hata kule Makete na Kitulo nyasi huamka zimefunikwa sakitu nyeupe. Wakati huo moto huwa ndani, baina ya mafiga, nao ni moto wa wazee na wa hadithi. Lakini Septemba na Oktoba watu hufyeka mashamba, hurundika majani na mabua, na kuyachoma kabla ya mvua ya Novemba. Huo ndio uliokuwa moto wa watoto. Tulifukia viazi katika majivu, tukavila nusu vibichi kwa kukosa subira, nyuso zetu nyeusi kwa masizi. Kisha tukaleta mianzi.

Haukufaa kila mwanzi. Ule uliojaa ndani huungua tu kama kuni nyingine. Tulitafuta mwanzi mnene wenye uwazi, ulio mbichi bado, tukaukata pingili pingili, kila pingili na fundo zake mbili zimefungika. Tulizitupa motoni tukakimbia nyuma ya kichuguu. Kitambo hapana kitu; mara, pa! Cheche zikaruka juu, mbwa wakapotea hata asubuhi.

Sababu yake ni hii. Ndani ya pingili mna hewa, na katika ubao wake mbichi mna maji. Hewa ikipata moto hutaka nafasi zaidi, na maji yakichemka hugeuka mvuke, ambao hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 kupita maji yenyewe. Fundo haziruhusu kitu kutoka. Basi mvuke husukuma kuta pande zote, mpaka ubao hushindwa na kupasuka mara moja. Ule mlio tuusikiao ni hewa iliyotoka kwa ghafula.

Watu wa Uchina waliyajua haya kabla ya kuwako baruti. Walitupa mianzi motoni siku za sikukuu ili mlio wake uwafukuze pepo wabaya, na hata leo neno lao moja la fataki maana yake ni mwanzi unaopasuka. Huko huko, yapata karne ya 9, ndiko ilikopatikana baruti, ambayo ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Shura huupa moto oksijeni, na kwa hiyo baruti huwaka hata ikiwa imefungwa pasipo hewa. Uingereza nako, tarehe 5 Novemba 1605, alikamatwa mtu aliyekuwa akilinda mapipa 36 ya baruti, ambayo yeye na wenzake walikuwa wameyaficha chini ya nyumba ya Bunge ili wamwue mfalme James. Tangu hapo Waingereza huwasha mioto na kurusha fataki usiku wa tarehe hiyo kila mwaka. Ni siku zile zile ambazo milima yetu nayo huwaka, ingawa kwetu hapana mfalme anayekumbukwa.

Babu yetu aliupenda moto kama sisi, lakini aliupenda kwa adabu. Kwanza alilima ukanda mtupu kulizunguka shamba, upana wa hatua kumi. Halafu alingoja jua lichwe. Wala hakuuwasha moto chini ya mteremko. Aliuwasha juu, ukashuka polepole kama mtu mzima. Tulidhani ni desturi tu. Baadaye, tuliposoma, tuliona ya kuwa kila tendo lake lilikuwa na sababu. Mchana jua hulipasha joto bavu la mlima, na hewa hupanda. Jioni hewa hupoa, huwa nzito, hushuka, na umande huanza. Tena moto upandao huinama kwa mbele, huyakausha majani yaliyo juu yake kabla ya kuyafikia, na hivyo hukimbia. Ushukao hauna msaada huo.

Umri wetu ulipata miaka tisa. Babu alikuwa amekwenda msibani, naye alituonya tusiliguse rundo mpaka atakaporudi. Sisi na ndugu yetu mdogo tulikuwa na pingili tano za mwanzi, na subira hatukuwa nayo. Tuliwasha saa saba mchana, chini ya mteremko. Pingili ya pili ilipopasuka, ilirusha kaa jekundu ng'ambo ya ukanda, katika majani makavu. Tulipiga kwa matawi mpaka mikono ikababuka. Moto ulipanda na upepo, ukafika kwa mzee jirani yetu, ukala kihenge chake pamoja na mahindi ya mbegu na mizinga yake mitatu ya nyuki. Hapana mtu aliyeumia.

Asubuhi yake, alfajiri, yule mzee alifika mlangoni.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene," Babu akaitika.

"Mzee mwenzangu, moto wako umelala kwangu."

"Nimeuona, ndugu yangu. Chakula changu ni chako."

Madebe sita ya mahindi yalitoka ghalani mwetu siku ile. Hata mahindi mapya yalipoiva, tulikula viazi na maboga, na siku nyingine mboga tupu. Hatukupigwa. Mama aligawa chakula bila kusema neno, akijipunguzia yeye, nasi twaona ya kuwa kupigwa kungalikuwa afadhali.

Wasomaji watauliza, je, majivu si mbolea? Ndiyo, kwa kiasi. Majivu yana potasi na chokaa, hupunguza ukali wa udongo, na ulezi huota vizuri juu yake. Lakini naitrojeni, ambayo ndiyo inayonenepesha majani ya mahindi, sehemu kubwa huondoka na moshi. Na mvua ya kwanza ikikuta mteremko uko uchi, huchukua majivu na udongo pamoja mpaka mtoni. Wafipa huyafukia majani katika matuta ya udongo yaoze. Wamatengo wa Mbinga huyapanga miraba miraba, wakayafunika kwa udongo wauchimbao katikati, na mashimo yanayobaki huzuia maji. Siku hizi moto uliopotea una hasara nyingine pia, kwani kule Mufindi msitu wa Sao Hill, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa Tanzania, umejaa misonobari, na utomvu wake huwaka kama mafuta.

Wanafunzi walipoyasikia haya walitaka kuusikia mwanzi wenyewe. Tuliwapeleka uani, jua limekuchwa, hapana upepo, ndoo mbili za maji karibu. Tulikata pingili mbili, moja tukaitoboa kwa msumari. Iliyotobolewa ilitoa mvuke kwa mluzi mwembamba, ikakauka, ikaungua kimya. Ya pili ilikawia, hata wengine wakaanza kusogea karibu, tukawarudisha. Ilipolia, mbwa wa mlinzi alikimbia mpaka barabarani, na yule kijana wa Dar es Salaam akaomba tutie nyingine. Tulimpa ndoo azime kwanza makaa.