Baada ya Mashine Kufika: Kutathmini Ushirikiano wa Kimataifa katika Tiba ya Nyuklia

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA), lililoanzishwa mwaka 1957 na lenye makao yake Vienna, Austria, linavuma kwa ukaguzi wa vinu vya nyuklia. Kazi yake nyingine, ushirikiano wa kiufundi, haisikiki sana. Nchi wanachama huomba mashine za mionzi, wataalamu wa muda na nafasi za mafunzo, na baadhi ya maombi ya Afrika yanahusu saratani. Miradi hiyo hutathminiwa, na njia nyepesi ya kuitathmini ni kuhesabu: mashine ngapi zimefungwa, watu wangapi wamepelekwa masomoni, fedha kiasi gani zimetumika. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila haisemi kama mgonjwa ametibiwa.

Uganda inaonyesha pengo lilivyo. Mashine yake pekee ya kobalti-60, iliyokuwa Mulago, Kampala, tangu 1995, iliharibika mwaka 2016 isitengenezeke tena. Mashine mpya, iliyopatikana kwa ushirikiano wa serikali na IAEA, ilizinduliwa Januari 2018. Katika miezi hiyo baadhi ya wagonjwa walivuka mpaka kwenda kutibiwa Nairobi, na wasio na nauli wala msaada walibaki nyumbani. Jedwali la mashine lingeandika 1 kwa mwaka 2015 na 1 kwa mwaka 2018, na karibu miaka miwili ya katikati isingeonekana popote. Ndiyo maana kipimo kinachofaa zaidi ni siku ambazo mashine ilifanya kazi, na idadi ya wagonjwa waliokamilisha matibabu yao.

Hata mashine inayofanya kazi kila siku inaweza kutibu vibaya. Dozi ikipungua, uvimbe hurudi. Ikizidi, sehemu zenye afya zinaungua pamoja na ugonjwa. Kosa lenyewe huweza kuwa dogo sana. Kobalti-60 hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu yake kila mwezi, hivyo jedwali la hesabu lililosahauliwa ukutani kwa mwaka mmoja humpunja kila mgonjwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Mgonjwa hahisi chochote, maana mionzi haina joto wala harufu.

Dawa ya hilo ni ukaguzi wa dozi kwa njia ya posta, unaoendeshwa na IAEA na Shirika la Afya Duniani tangu 1969. Kwa miongo mingi hospitali ilipokea vidonge vidogo vya plastiki vyenye unga wa lithiamu floraidi. Mwanafizikia wa hospitali alikizamisha kidonge katika chombo cha maji, kwa kuwa mwili wa binadamu hupokea mionzi karibu sawa na maji, kisha alikipiga dozi ya grei 2 kama angefanya kwa mgonjwa, na kukirudisha kwenye maabara ya Seibersdorf, karibu na Vienna. Unga ulipopashwa moto ulitoa mwanga, na ukali wa mwanga huo ulitaja dozi halisi. Tangu 2017 nafasi ya unga imechukuliwa na vijiti vya kioo. Tofauti ikizidi asilimia 5, hospitali huarifiwa, hurudia kipimo, na ikibidi mtaalamu hutumwa. Miaka ya mwanzo karibu nusu tu ya matokeo ndiyo yaliyokuwa ndani ya kiwango; siku hizi ni mengi mno kuliko hayo. Katika tathmini zote za ushirikiano huu, hakuna inayomkaribia mgonjwa kama kidonge hiki.

Kwa upande wa picha za nyuklia, IAEA ina utaratibu uitwao QUANUM: idara hujikagua yenyewe, kisha timu ya nje huja kuthibitisha, kuanzia lebo za sindano hadi usahihi wa ripoti. Hapa mtego ni usafiri. Teknesi-99m, inayotumiwa zaidi kwa uchunguzi, hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo huzalishwa hospitalini kutokana na molibdeni-99 inayofika kwa ndege ndani ya jenereta ya risasi. Molibdeni nayo hupungua nusu kwa saa 66. Mzigo ukikwama forodhani siku tatu, zaidi ya nusu ya uwezo wake umekwisha, hata kama kamera ya gama inang'aa kwa upya. Tathmini inayoiangalia kamera bila kuangalia forodha haijakamilika.

Mafunzo ni magumu zaidi kupima. Cheti huonyesha kuwa mtu alisoma. Swali lenye uzito ni kama miaka mitano baadaye bado yuko kazini, na amemfundisha nani. Pia ni shida kutenganisha mchango wa mradi na ule wa serikali au wafadhili wengine, hasa pale hali ya awali haikuandikwa kabla ya kazi kuanza.

Kubwa kuliko yote ni muda. Programu ya ushirikiano hupangwa kwa mizunguko ya miaka miwili, ilhali chanzo cha kobalti hufikia nusu ya nguvu yake baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi. Mtathmini anayefika mwaka wa tatu huikuta mashine imara na foleni ikisogea. Fedha za chanzo kipya, na za kukiondoa cha zamani kwa usalama, huanza kutafutwa jalada likiwa limeshafungwa.