Mtoto mwenye usonji asinyimwe lugha ya nyumbani

MTOTO anayelelewa mjini Garissa huzisikia lugha kadhaa kabla ya kutimu umri wa kwenda shule. Nyumbani ni Kisomali, madukani na afisini ni Kiswahili, katika duksi ni Kiarabu cha Kurani, na darasani Kiingereza kinamngoja.

Kwa wengi, wingi huo ni neema. Lakini mtoto anapofikisha miaka mitatu bila kutamka neno, haitiki akiitwa wala hamtazami anayemsemesha, aghalabu lawama huiangukia lugha ya nyumbani. Wazazi huambiwa waache Kisomali na kushika lugha moja ya shuleni, eti wasimchanganye mwana.

Ushauri huo hauna msingi. Usonji ni hali inayohusu ukuaji wa ubongo. Hausababishwi na lugha mbili wala malezi mabaya. Mnamo 2012, watafiti Catherine Hambly na Eric Fombonne walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Kanada kuhusu watoto 75 wenye usonji. Waliolelewa kwa lugha mbili hawakuonekana kuchelewa zaidi kuliko waliolelewa kwa lugha moja.

Madhara hutokea pale lugha ya nyumbani inapokatwa. Mama asiyekimudu Kiswahili vyema humsemesha mwanawe kwa uchache, na aghalabu kwa amri tupu: kaa, kula, nyamaza. Nyimbo, utani na hadithi hutoweka. Nyanya, ambaye Wasomali humwita ayeeyo, hubaki bubu mbele ya mjukuu wake. Mtoto ambaye tayari ana ugumu wa kuwasiliana hupunguziwa watu wa kuwasiliana nao.

Wazazi wafanye nini basi? Kwanza, mtoto apimwe masikio, kwani uziwi huweza kudhaniwa kuwa usonji. Pili, apelekwe hospitalini au katika vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo vilianza kuanzishwa nchini mwaka wa 1984. Asingojewe hadi "atakapokua".

Nyumbani, neno liandamane na kitu chenyewe: "biyo" litamkwe kikombe cha maji kikiwa mkononi, kisha mtoto apewe muda wa kujibu, hata kwa kuonyesha kidole. Kiswahili na Kiingereza vitaongezwa juu ya msingi huo.

Lugha ya kwanza kumfaa mtoto ni ile ambayo wanaompenda huizungumza bila kusitasita.