Nafasi ya Uimbaji wa Pamoja wa Kila Siku katika Ufundishaji wa Stadi ya Kusoma kwa Wanafunzi wa Darasa la Kwanza nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili nchini Tanzania ulifanyiwa mabadiliko ili mkazo uwekwe katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Muda mfupi baadaye, Januari 2016, utekelezaji wa elimumsingi bila malipo ulianza, na idadi ya watoto walioandikishwa Darasa la Kwanza ikaongezeka kwa kiasi kikubwa. Katika mazingira hayo, mwalimu hutarajiwa kumfundisha kila mtoto kusoma, aghalabu katika chumba chenye watoto wengi na vitabu vichache. Wimbo ni miongoni mwa zana ambazo mwalimu huyo hahitaji kuzinunua. Makala haya yanafafanua namna uimbaji wa pamoja wa kila siku unavyoweza kusaidia kujifunza kusoma, na mahali ambapo msaada huo hukoma.

2.0 Wimbo na Muundo wa Silabi za Kiswahili

Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia na irabu. Wimbo unapoimbwa polepole kwa kupiga makofi, kila silabi hupata pigo lake, na mtoto husikia kwamba neno hugawanyika. Neno *kalamu* hupata mapigo matatu: *ka-la-mu*. Neno *mtoto* nalo hupata matatu, kwa kuwa nazali ya mwanzo ni silabi kamili, ilhali *mbuzi* hupata mawili tu. Tofauti hiyo ni vigumu kuieleza kwa mtoto wa miaka sita, lakini mikono yake huweza kuitambua.

Aidha, wimbo huweza kutumika kutofautisha fonimu zinazokaribiana. Baadhi ya lugha za Kibantu hazitofautishi /l/ na /r/. Hivyo mtoto aliyelelewa katika lugha hizo huweza kuona *kula* na *kura* kuwa neno moja. Kuimba jozi za namna hiyo kila siku humpa mazoezi ya sikio na ulimi kabla hajaombwa kuziandika.

Hata hivyo, uteuzi wa mahadhi unahitaji uangalifu. Kwa kawaida mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi yanayotia uzito katika silabi ya kwanza ya *kalamu* humzoesha mtoto matamshi yasiyo ya lugha hiyo.

3.0 Kutoka Sikioni hadi Ubaoni

Kuisikia silabi bado si kuisoma. Ili wimbo uwe somo la kusoma, ni sharti maneno yake yaandikwe ubaoni, na mwalimu aelekeze kijiti chini ya kila neno wakati linapoimbwa. Kwa mfano, sentensi *Baba apata bata* inapoimbwa, irabu ya mwisho ya neno la kwanza huungana na ile ya mwanzo wa neno la pili, na sikio haliwezi kubaini mpaka uliopo. Ni nafasi iliyoachwa ubaoni inayoonyesha kwamba hayo ni maneno mawili. Sentensi hiyohiyo hudhihirisha pia tofauti ya herufi *p* na *b* katika *pata* na *bata*.

4.0 Tatizo la Kukariri

Hatari kubwa ya uimbaji wa pamoja ni kwamba sauti ya wengi humficha mmoja. Mtoto asiyeijua hata herufi moja huweza kuimba maneno yote bila kosa huku akiutazama ubao, na mwalimu akaamini kwamba anasoma. Gough na Tunmer (1986) wanaeleza kuwa ufahamu wa kusoma ni zao la mambo mawili: kubaini maneno yaliyoandikwa na kuelewa lugha. Kwa kuwa ni zao, moja likikosekana kabisa, jingine haliwezi kulifidia. Wimbo uliokaririwa huongeza msamiati, hususani kwa mtoto ambaye Kiswahili si lugha yake ya nyumbani, lakini uwezo wa kubaini maandishi hubaki ulivyokuwa.

Hivyo basi, baada ya kuimba, mwalimu hana budi kuuvunja wimbo. Huweza kupanga upya maneno ubaoni, kubadili silabi moja, au kumwita mtoto mmoja asome neno lililotengwa bila mahadhi. Akiwaita watoto watano kila siku, darasa la watoto 80 humalizika kwa siku 16 za masomo, na kila mmoja huwa amesikilizwa peke yake.

5.0 Hitimisho

Uimbaji wa pamoja wa kila siku unaafikiana na muundo wa silabi za Kiswahili, hauna gharama, na humpa mtoto mwenye haya nafasi ya kutamka bila kuchekwa. Pamoja na hayo, manufaa yake katika kusoma hutegemea maandishi yanayoambatana na wimbo na upimaji wa mtoto mmojammoja unaoufuata. Darasa linaloimba vizuri halijathibitisha kwamba linasoma. Uthibitisho hupatikana pale wimbo unaponyamaza na mtoto akalisoma neno akiwa peke yake.