Kompyuta ya mtumba: Antivairasi ya bure ipo ndani, shida ni Windows ya fundi

Kompyuta mpakato ya mtumba inapotoka dukani Kariakoo, mara nyingi inakuwa imeshapigwa Windows, imeshawekwa Office, na kuna video moja ya muziki ya kumwonyesha mteja kwamba spika zinafanya kazi. Mteja anabembeleza apewe begi la nyongeza, halafu anauliza swali la mwisho: antivairasi nzuri ni ipi, na ni shilingi ngapi?

Kwa familia yenye bajeti ya kubana, pesa hiyo inaweza kusubiri. Windows 10 na Windows 11 zinakuja na antivairasi yake ndani, inaitwa Microsoft Defender. Hailipiwi na haiishi muda. Kwa kazi za nyumbani inatosha, ilimradi haijazimwa.

Shida ni kwamba kwenye kompyuta ya mtumba si ajabu kukuta imezimwa tangu siku fundi alipopiga Windows.

Kwa nini fundi anaizima

Windows isiyo na leseni huwekewa kijiprogramu cha kuidanganya ijione imelipiwa. Mafundi wanakiita aktiveta. Defender ikikiona inakifuta, kwa hiyo fundi anaanza kwa kuzima ulinzi, anaweka aktiveta yake, kisha anakabidhi mashine. Wapo wanaosahau kuuwasha tena. Wapo wanaouwasha lakini wanaacha agizo kwamba folda fulani isikaguliwe kabisa. Kirusi kikiingia kwenye folda hiyo, kimepata chumba cha kulala.

Kuangalia ni kazi ya dakika mbili. Mtumiaji anafungua Windows Security, anaingia Virus & threat protection, kisha Manage settings. Palipoandikwa Real-time protection pawe On. Akishuka chini atakuta Exclusions, na kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Akikuta kitu ambacho hakukiweka yeye, akiondoe, kisha aikague kompyuta nzima.

Kama kuna antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda, nayo iondolewe. Defender huwa inajiweka pembeni ikikuta mwenzake, na mlinzi aliyemaliza mkataba hana faida kuendelea kushikilia geti.

Hasara yake inafika wapi

Aina moja ya kirusi cha kuteka faili, kinachojulikana kama STOP au Djvu, kilijipatia jina kwa kuwapiga watu wa kawaida majumbani. Njia yake kubwa ilikuwa programu zilizokrakiwa na hizo hizo aktiveta. Mtu alishusha kitu cha bure, akakifungua, na baada ya muda mfupi kila picha na kila faili la Word au Excel likawa limefungwa, jina lake limeongezewa mkia wa herufi za ajabu. Ndani ya folda likaachwa faili la _readme.txt lenye bei: dola 980, au dola 490 kwa atakayewahi ndani ya saa 72.

Hata hiyo nusu bei ni zaidi ya shilingi milioni moja. Na hakuna risiti wala dhamana kwamba ufunguo utaletwa.

Hapo ndipo watu wanapogundua kwamba cha thamani hakikuwa kompyuta. Ni ripoti ya utafiti ya binti aliye mwaka wa mwisho chuoni, orodha ya madeni ya duka la mama, na picha za mwisho za babu.

Kirusi cha namna hii pia kimekuwa kikija na mwenzake wa kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwa hiyo aliyewahi kukumbwa asiishie kusafisha mashine. Abadilishe nywila zake, akianza na ya barua pepe, na afanye hivyo kwa simu, si kwa kompyuta ileile yenye wasiwasi. Kisha awashe uthibitisho wa hatua mbili. Huo pia ni bure.

Apdeti zinakula bando, lakini…

Njia nyingine ya kuokoa pesa inayogeuka kuwa hasara ni kuzuia apdeti. Wanaotumia hotspot ya simu wanajua uchungu wake: mtu kanunua bando la wiki, Windows inalimaliza kabla ya chakula cha jioni. Wengi huiweka waifai kuwa Metered ili Windows isishushe vitu vizito, na wamefanya sawa. Kosa ni kuiacha hivyo mwaka mzima.

Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa duniani, kikaingia zaidi ya nchi 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Hakikuhitaji mtu abofye chochote. Kilirukia kompyuta hadi kompyuta kupitia tundu lililokuwa ndani ya Windows. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha tundu hilo Machi 14, miezi miwili kabla. Kompyuta zilizokuwa na kiraka hazikuingilika kwa njia hiyo.

Habari njema kwa mwenye bando dogo ni kwamba apdeti kubwa za usalama zina ratiba. Microsoft huzitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni usiku. Mtu anaweza kuacha Metered mwezi mzima, kisha Jumatano au Alhamisi inayofuata akanunua bando la usiku, akaizima Metered, akaiacha kompyuta kwenye chaji hadi asubuhi. Ni gharama ya usiku mmoja kwa mwezi.

Wenye Windows 10 wana mtihani wao. Apdeti zake za kawaida za bure zilisimama Oktoba 14, 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft ilitangaza mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu ya vigezo vya prosesa na usalama.

Mashine hizo hazijafa. Linux Mint ni mfumo wa bure kabisa, haudai aktiveta, na unaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu. Atakayeona kuandika kwa LibreOffice na kuingia mtandaoni kunamtosha, anaweza kuhamia huko. Anayetegemea programu ya Windows tu, ya uhasibu kwa mfano, asikurupuke.

Flashi ya steshenari

Flashi iliyopitia kompyuta ya steshenari ikirudi nyumbani, mara nyingine folda zake zote zinaonekana na kimshale kidogo pembeni. Hizo si folda tena, ni mlango wa kirusi, zenyewe zimefichwa. Kubofya ndiko kunakokiamsha. Dawa ni kubonyeza flashi kwa kitufe cha kulia, kuchagua Scan with Microsoft Defender, kisha kuonyesha faili zilizofichwa na kuzichukua. Rahisi zaidi ni kutuma kazi ya kuchapisha kwa barua pepe au WhatsApp, flashi ibaki nyumbani.

Kama kuna pesa kidogo ya kutumia, iende kwenye diski ya nje, hata flashi kubwa, kwa ajili ya nakala tu. Sharti lake ni moja: ikishanakiliwa ichomolewe. Kirusi cha kuteka faili kinafunga pia diski kinayoikuta imechomekwa. Faili chache ambazo haziwezi kutengenezwa tena, kama tasnifu na hesabu za duka, ziwekwe pia Google Drive, ambako akaunti ya bure ina GB 15.

Na aliyekwisha kutekwa asifomati kwa hasira. Tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na McAfee, inatambua aina ya kirusi kwa kupandishiwa faili moja lililofungwa pamoja na ule ujumbe wa kudai pesa. Kama ufunguo umeshapatikana, unatolewa bure. Kwa Djvu, kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya kufungulia mwaka 2019; inafanya kazi kwa baadhi ya faili, hasa zilizofungwa wakati kirusi kimeshindwa kuwasiliana na mwenyewe mtandaoni. Zisizofunguka zihamishiwe kwenye flashi na kutunzwa. Imeshatokea zaidi ya mara moja funguo zikapatikana baadaye, wahalifu wakikamatwa au wakiacha kazi hiyo.