Dawa inayokamata metali, na misuli isiyopumzika

Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Nzega, huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa. Zebaki inashikana na dhahabu, kisha inachomwa. Mvuke wake huingia mapafuni, na kutoka hapo hufika kwenye ubongo na neva. Sasa utajiuliza: kwani hakuna dawa ya kuitoa?

Zipo. Mojawapo ya zamani ni penisilamini. Mwaka 1956 daktari Mwingereza John Walshe aliitumia kutibu ugonjwa wa Wilson, ambao ni wa kurithi na hurundika shaba kwenye ini na ubongo. Dawa hii ina salfa, na salfa hung'ang'ania metali. Inaikamata shaba, vyote vinatoka kwa mkojo. Imetumika pia kwa sumu ya risasi na zebaki. Baadaye ikapewa wagonjwa wa baridi yabisi, ambako kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Katika miaka ya 1970 madaktari waliripoti wagonjwa wachache wa baridi yabisi waliopata matatizo ya misuli wakiwa kwenye dawa hii. Wengine misuli ililegea. Nadra zaidi, ilikakamaa na kuchezacheza yenyewe, hali iitwayo nyuromiotonia.

Inakuwaje dawa moja ilegeze na ikakamaze? Ujue, badala ya kutulia, kinga wakati mwingine huanza kushambulia mwili wenyewe. Ikishambulia vipokezi upande wa msuli, amri ya neva haipokelewi vizuri, msuli unalegea. Ikishambulia upande wa neva, inavuruga njia za potasiamu zinazoizima neva baada ya kutuma amri. Neva inaendelea kuamrisha hata ukiwa usingizini.

Na kuna fumbo jingine: zebaki yenyewe imehusishwa na nyuromiotonia kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo mchimbaji aliyekakamaa misuli huku anameza penisilamini ana washukiwa wawili, na kila mmoja una suluhisho lake.

Ndiyo maana ukienda hospitali, taja kazi yako na kila dawa unayotumia. Usijinunulie dawa ya "kusafisha sumu". Hatua ya kwanza ni kuacha kuvuta ule mvuke. Na kama una ugonjwa wa Wilson, usiiache penisilamini bila daktari. Shaba itarudi kurundikana, na hiyo inaweza kuua.