Huduma ya Kwanza Uwanjani: Fedha ya Shule Iende Wapi Kabla ya UMISSETA

Msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, shule nyingi za sekondari hukumbuka usalama wa wachezaji kwa kununua sanduku jipya la huduma ya kwanza. Sanduku hufungiwa ofisini, na siku ya mechi mwenye ufunguo yuko safarini. Kama shule yako ina fedha ya kitu kimoja tu, usianze na sanduku. Lipia mafunzo ya vitendo kwa walimu wanaosimama kando ya uwanja.

Moyo wa mchezaji ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa moyo hupunguza nafasi yake ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Katika wilaya nyingi gari la wagonjwa haliwezi kufika ndani ya dakika hizo chache za mwanzo. Tarehe 4 Desemba 2016, Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, muda mfupi baada ya kufunga bao, akafariki dunia. Alikuwa na miaka 19, umri wa kijana wa kidato cha sita. Msaada wa dakika za mwanzo hutoka kwa aliye karibu, na kwenye mechi za shule aliye karibu ni mwalimu wa michezo.

Tuanze na kisicholipiwa. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kina kozi ya bure mtandaoni kwa makocha wa vijana kuhusu mtikisiko wa ubongo. Shirikisho la raga duniani, World Rugby, nalo lina masomo ya bure ya mtikisiko wa ubongo na misingi ya huduma ya kwanza, yanayomfaa hata mwalimu asiyefundisha raga. Gharama yake ni bando la intaneti na jioni chache. Tatizo ni lugha: mengi yako kwa Kiingereza, hivyo anayekielewa vizuri awasomee wenzake na kuwafafanulia. Jihadhari pia na tovuti zinazokusomesha bure kisha zinadai dola ili kukupa cheti. Kama bodi ya shule haijadai cheti hicho, usikilipie.

Masomo ya mtandaoni yana thamani, lakini yana mpaka. Yatakufundisha kumtambua mchezaji aliyegongwa kichwa na kumtoa uwanjani asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Hayatakufundisha kina cha kukandamiza kifua. Kwa mtu mzima au kijana mkubwa kina hicho ni sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kisha pumzi 2. Kusoma namba hizo ni rahisi. Kuzifanya dakika mbili mfululizo jua la saa tisa kunahitaji mikono iliyozoea, na mikono huzoezwa kwa vitendo.

Kwa vitendo una njia mbili kuu: kuwapeleka walimu mjini, au kumleta mkufunzi shuleni. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu hulinganisha ada peke yake.

Tupige hesabu ya mfano. Wewe weka bei ulizopewa. Tuseme ada ya mjini ni shilingi 80,000 kwa mwalimu mmoja. Nauli ya kwenda na kurudi 60,000, malazi ya siku mbili 50,000, chakula cha siku tatu 45,000. Mwalimu mmoja amefika 235,000, na wawili ni 470,000. Sasa tuseme mkufunzi anadai 50,000 kwa kila mtu akikubali kuja, mradi wapatikane watu 12. Ada ni 600,000, nauli na malazi yake 110,000, chakula cha mchana cha washiriki 72,000. Jumla 782,000. Shule tatu za jirani zikitoa walimu wanne kila moja, kila shule inalipa kama 261,000. Kwa fedha pungufu kwa zaidi ya laki mbili, umepata walimu wanne badala ya wawili, na wamefanya mazoezi kwenye uwanja wao wenyewe.

Faida nyingine huonekana uhamisho unapotoka. Shule iliyomfundisha mwalimu mmoja hubaki mikono mitupu siku anapopangiwa kituo kingine. Wafundishe wanne, mmojawapo awe matroni au mlinzi, kwa sababu hao ndio wanaokuwepo jioni za mazoezi.

Mkufunzi utampata wapi? Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kina matawi mikoani na kufundisha huduma ya kwanza ni kazi yake ya siku nyingi. Yapo pia makampuni binafsi yanayofundisha viwanda na migodi. Wana vifaa vizuri, lakini mfano wao mara nyingi ni wa kiwandani, kwa hiyo waambie mapema kwamba unataka goti, kichwa, joto na moyo, siyo kemikali. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kumwomba mganga mkuu wa wilaya akuruhusu kumtumia muuguzi au tabibu wa kituo cha afya cha karibu. Mtampa nauli na chakula. Pengine hakutakuwa na cheti, na huenda hana sanamu ya kufanyia mazoezi. Kama fedha haipo kabisa, njia hii inatosha kuanzia, na inawajulisha walimu kwa mtu watakayemkimbilia siku ya ajali.

Kabla ya kulipa, pata bei kwa maandishi na uliza maswali haya. Bei hii imejumuisha VAT? Asilimia 18 ikiongezwa mwishoni, 600,000 inakuwa 708,000. Cheti kiko ndani ya ada au kinalipiwa kando? Kinaisha lini? Vyeti vingi vya huduma ya kwanza hudumu miaka miwili au mitatu, kisha unalipa tena; uliza bei ya kuhuisha leo, isije kukushtua kesho. Watu wasipofika 12, nalipa ya wangapi? Na swali ninalolipa uzito kuliko yote: sanamu za mazoezi ni ngapi? Watu 30 wakigawana sanamu moja, wengi watatazama tu na kurudi nyumbani na cheti. Usilipie kozi ya namna hiyo, hata ikiwa nusu bei.

Sasa sanduku. Masanduku yaliyofungwa tayari hupendeza, lakini ya bei ya chini hujazwa plasta ndogo na pamba, vitu ambavyo mchezaji aliyeteguka kifundo havimsaidii. Nunua vitu kimoja kimoja kwenye duka la dawa: glovu, bandeji za kuvuta, shashi safi, mkasi imara, plasta ya utepe, na chupa ya maji safi ya kuoshea vidonda. Bandeji ya pembetatu usinunue. Chukua kitambaa cha pamba cha mita moja kwa mita moja, kikate kutoka kona hadi kona, utapata mbili, na zikifuliwa zinatumika tena. Kwa banzi, mbao nyembamba za fundi seremala zilizofungwa kitambaa zinatosha. Weka vyote kwenye begi la mgongoni, lisifungwe kwa kufuli, na liende kila mazoezi.

Dawa ya kupuliza yenye ubaridi haifai kwa shule yenye fedha kidogo. Hutuliza maumivu kwa muda mfupi, kopo linaisha, na mchezaji anarudi kukimbia na jeraha. Barafu ya mfuko kutoka duka la karibu, ikizungushiwa kitambaa na kuwekwa kwa dakika kama 15 hadi 20, inafanya kazi nzuri zaidi. Ndoo mbili za maji baridi zina kazi kubwa zaidi: mchezaji aliyezidiwa na joto hadi akaanza kuchanganyikiwa au kuzimia, mwitie msaada na mmwagie maji mwilini mfululizo papo hapo. Kumpoza kwanza, gari baadaye.

Mashine ya kushtua moyo inaokoa maisha. Mchezaji Christian Eriksen wa Denmark alishtuliwa moyo uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 na akarudi kucheza. Lakini bei huanzia kama dola 1,000 za Marekani kabla ya usafiri na kodi, na haiishii hapo. Pedi zake za kubandika kifuani huisha muda baada ya miaka michache hata kama hazijaguswa, na betri nayo hubadilishwa. Shule moja peke yake isijitwishe mzigo huo. Inaleta maana kwa uwanja wa mkoa unaopokea mashindano, wachangie wengi na atajwe mtu wa kuikagua.

Kitu cha mwisho hakina bei, na shule nyingi hazina. Ni karatasi moja yenye jina la kituo cha afya kinachofungua jioni, namba ya dereva mwenye gari aliyekubali kuitwa wakati wowote, nauli mliyokubaliana kabla, namba za wazazi, na nani anapiga simu wakati mwingine anahudumia. Elewaneni na dereva wa gari, siyo bodaboda: mchezaji mwenye dalili za kuumia shingo au uti wa mgongo hakalishwi kwenye pikipiki. Nauli iwekwe pembeni kwenye bahasha, kwa sababu dereva atataka mafuta kabla ya kuwasha gari.

Kwa hiyo, mwenye laki tatu achangie kozi ya pamoja kwanza, na chenji inunue begi. Mwenye elfu hamsini ajaze begi na amwombe muuguzi. Asiye na kitu asome kozi za bure na aandike karatasi hiyo wiki hii. Mwalimu, wapigie simu wenzako wa shule mbili za jirani sasa, kabla ya kambi za UMISSETA kuanza na wakufunzi kushikwa.