Mlinzi Asiyeshtuka: Protini ya Kinga na Homa Itokanayo na Maziwa

Kila asubuhi maziwa huteremshwa mjini Arusha kutoka miteremko ya Mlima Meru na kutoka kwa wafugaji wa nyanda za jirani. Maziwa ni chakula bora. Lakini yasipochemshwa huweza kubeba bakteria aitwaye Brusela, ambaye huleta ugonjwa wa bruselosisi. Ng'ombe na mbuzi walioambukizwa hutupa mimba. Binadamu hupatwa na homa inayokuja na kuondoka kwa majuma mengi, pamoja na jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mwenye homa ya namna hiyo. Anatibiwa malaria, anapata nafuu kidogo, kisha homa inarudi. Anatibiwa malaria tena. Jambo hili hutokea kweli. Katika mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji wa Moshi. Kwa kuangalia dalili, wagonjwa 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Vipimo vilionyesha kuwa malaria ndiyo iliyosababisha homa ya 14 tu. Bruselosisi ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyogunduliwa.

Je, bakteria huyu anawezaje kukaa mwilini muda mrefu hivyo bila kufukuzwa?

Mlinzi wa mlangoni

Miongoni mwa seli za kinga zimo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Katika utando wa makrofaji imo protini iitwayo TLR4. Sehemu yake moja hutokeza nje ya seli na nyingine huingia ndani, kama kengele ambayo kitufe chake kiko nje ya mlango na mlio wake uko ndani ya nyumba.

Kinachobonyeza kitufe hicho ni lipopolisakaraidi, yaani mchanganyiko wa sukari na mafuta uliomo katika ukuta wa nje wa bakteria wengi, kama vile Esherikia koli aishiye matumboni. Mikia ya mafuta hayo huingia katika mfuko wa protini ndogo iliyoshikamana na TLR4. Hapo TLR4 mbili huungana, na habari hupelekwa hadi kwenye kiini cha seli. Seli hutoa protini za kupeleka ujumbe: mishipa midogo ya damu hupanuka, chembe nyeupe hutoka kwenda vitani, na mahali pale huvimba, huwa pekundu, hupata moto na kuuma. Ujumbe ukifika kwenye ubongo, homa hupanda. Kwa hiyo uvimbe na homa ni sehemu ya ulinzi, ingawa ulinzi huo ukizidi kiasi huweza kumwua mgonjwa.

Ugunduzi huu si wa zamani sana. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann, nchini Ufaransa, lilionyesha kuwa inzi wa matunda asiye na protini iitwayo Toll hawezi kujikinga na ukungu. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake, nchini Marekani, waligundua kuwa panya wasiodhurika kwa sumu ya lipopolisakaraidi wana kasoro katika jeni la TLR4. Lakini panya hao hao hufa upesi wakiambukizwa bakteria. Mwaka 2011 wanasayansi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ralph Steinman.

Hila ya Brusela

Mikia ya mafuta ya Esherikia koli huwa na kaboni 12 hadi 14. Brusela anao mkia wenye kaboni 28. Mkia mrefu hivyo haukai vizuri katika mfuko ule. Kengele hulia kwa sauti hafifu. Brusela humezwa kimyakimya na makrofaji, kisha badala ya kuuawa huzaliana humo humo ndani. Nyumba ya mlinzi imekuwa maficho ya mwizi. Ndiyo maana ugonjwa huanza polepole na hudumu.

La kufanya

Mwili ukichelewa kutambua, hapana budi akili itambue mapema. Mwenye homa isiyokwisha apimwe, wala asikisie malaria. Tena amweleze daktari kama amekunywa maziwa mabichi au amezalisha mifugo. Bruselosisi hutibika kwa antibiotiki mbili pamoja, kwa kawaida kwa majuma 6. Anayeacha dawa baada ya kupata nafuu hukaribisha ugonjwa urudi.

Maziwa yachemshwe, hata yale ya kugandisha, kwani uchachu peke yake hautoshi kumwua Brusela. Anayemsaidia mnyama kuzaa avae glavu.

Kisiwani Malta, ambako David Bruce alimwona bakteria huyu mwaka 1887, iligunduliwa mwaka 1905 kuwa homa ilitoka katika maziwa ya mbuzi. Askari walipokatazwa maziwa hayo mwaka 1906, ugonjwa ulipungua sana miongoni mwao. Wakati huo hakuna aliyeijua TLR4. Kujiepusha na maziwa mabichi kulisaidia wakati ule, na hata leo kunasaidia.